Sura ya Saba: Mtandao Upi?

Kuna sentensi moja kwetu inayobeba mzigo kuliko mkokoteni wa Kariakoo. Karani wa benki anaisema huku akitazama pembeni. Wakala wa pesa anaisema akikurudishia kitambulisho. Mtu wa mapokezi hospitalini, mhadhiri aliyeshindwa kupandisha matokeo, kijana wa dukani anayeuza vocha, wote wanayo: "Mtandao unasumbua." Ukishaambiwa hivyo, hakuna tena la kuuliza. Unasogea kwenye benchi, unasubiri.

Nimefunga na kutengeneza mitandao kwa miaka mingi, na sentensi hiyo hunichosha kwa sababu haielekezi popote. Ni sawa na "maji hayatoki". Huenda bomba kuu limepasuka barabarani, huenda mita imefungwa kwa deni, huenda tangi la juu limekauka, huenda koki ya jikoni imeziba. Neno "mtandao" limemeza vitu visivyopungua vinne: mawimbi ya simu, waifai ya nyumbani, intaneti yenyewe, na mfumo wa benki au ofisi fulani ulioko mbali huko. Sura hii inahusu kimoja tu kati ya hivyo, waifai, tena kwenye kompyuta ya Linux. Lakini nusu ya kazi ni kukichambua kutoka kwa wenzake.

Binti wa dada yangu alikuja kwangu Sinza wakati wa likizo akiwa na kompyuta mpakato ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Windows ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa kabla haijawa tayari, basi wenzake wa chuo wakamwekea Linux ya Ubuntu, na mashine ikapata nguvu mpya. Kilichobaki kumsumbua kilikuwa kimoja.

"Shikamoo mama mdogo. Mtandao unasumbua," alisema hata begi hajaliweka chini.

"Marahaba. Upi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la jua.

Nikamwambia siku mtandao ukikata, kabla ya kugusa chochote, ashike simu yake iliyounganishwa na waifai ileile afungue ukurasa wowote. Simu ikigoma pia, kompyuta haina kosa. Simu ikifungua, basi ugomvi uko kati ya kompyuta na ruta. Jaribio la pili ni kinyume chake: unawasha hotspoti ya simu, unaunganisha kompyuta hapo, unaiacha usiku mzima. Ikitulia kwenye simu na kuhangaika kwenye ruta, unaanza kuitazama ruta kwa jicho baya. Majaribio haya mawili hayagharimu kitu ila bando kidogo, na yamewahi kuniokolea safari nyingi za daladala.

Kuhusu bando, nitoke njiani kidogo. Nyumba nyingi za mjini sasa zina ruta ndogo ya laini. Bando likikaribia kwisha, kampuni ya simu hutuma ujumbe wa kukuonya. Unatumwa kwenye laini, na laini iko ndani ya ruta, na ruta haina mtu wa kuusoma. Nimewahi kuitwa nyumba tatu kwa mwezi mmoja kutengeneza waifai iliyokuwa nzima kabisa.

Na kuna siku tatizo liko baharini. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Ruta zilikuwa na taa zote za kijani. Waifai ilikuwa imejaa vipande vyote. Siku ile watu waliwasha na kuzima ruta mpaka vidole vikauma, na wengine wakafuta mipangilio yote iliyokuwa sahihi.

Kwenye Linux kuna njia ya haraka ya kuona ni kiungo gani kilichokatika. Fungua dirisha la amri, andika "ip route". Mstari unaoanza na neno "default" unakupa anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Sasa fungua madirisha mawili ubavu kwa ubavu. La kwanza lipige hodi kwenye ruta: "ping 192.168.1.1". La pili lipige hodi ng'ambo: "ping 1.1.1.1". Yaache yaendelee huku unafanya kazi zako. Mtandao ukisumbua, tupa jicho. Ruta inaitika na ng'ambo kimya? Mpigie anayekuuzia intaneti. Zote zinaitika lakini kurasa hazifunguki? Kilichokwama ni huduma ya majina, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Ruta yenyewe haiitiki? Karibu, hapo ndipo tunapoanza.

Kwa binti yangu, dirisha la kwanza ndilo lililokuwa na matatizo. Ruta iko mita nne kutoka kwenye kochi, mlango uko wazi, na majibu yaliyopaswa kurudi kwa milisekunde tatu yalikuwa yanarudi kwa mia mbili, mia tatu, halafu tatu, halafu mia moja na themanini.

Jambo la kwanza ni kujua kadi gani imo ndani ya mashine. Amri ya "lspci -nnk" inaorodhesha vifaa vilivyofungwa ndani, na chini ya kila kimoja inataja draiva inayokiongoza. Wapo wanaotaka draiva iitwe kiendeshi. Sina ugomvi nao, ila mafundi ninaowajua wanasema draiva. Ukiona jina la kadi na chini yake hakuna mstari wa draiva inayotumika, usiendelee kutafuta mawimbi. Huna waifai inayosumbua, huna waifai kabisa.

Inafaa kueleza kwa nini waifai, kuliko kitu kingine chochote, imekuwa kidonda cha Linux. Linus Torvalds alipotangaza kazi yake ya Linux mwaka 1991, waifai haikuwepo; kanuni yake ya kwanza, 802.11, ilitoka mwaka 1997, na kasi yake ya juu ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Kadi zilipoanza kuuzwa kwa wingi, watengenezaji waliandika draiva za Windows na kuficha maelezo ya vifaa vyao. Wanaojitolea wa Linux wakabaki kama mtu aliyenunuliwa redio isiyo na vitufe. Wengine walitumia ndiswrapper, programu iliyoidanganya draiva ya Windows ikadhani iko nyumbani kwake. Wengine walikaa miaka wakichunguza draiva ya kampuni hatua kwa hatua ili waandike ya kwao. Draiva ya b43 ya kadi za Broadcom ilizaliwa hivyo. Broadcom wenyewe walikuja kutoa draiva iliyo wazi Septemba 2010. Intel walikuwa wamefungua mlango mapema zaidi, ndiyo maana hadi leo fundi wa Linux akiuliza kadi gani inunuliwe, jibu la kwanza huwa Intel.

Kuna tabaka jingine chini ya draiva: fimwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe kila inapowashwa. Karibu kadi zote za sasa haziamki bila hiyo, na maandiko yake ni siri ya kampuni. Kwa miaka mingi Debian, aina nyingine ya Linux, kwa msimamo wake wa programu huru, ilikataa kuiweka kwenye diski rasmi ya kusimika mfumo. Matokeo yake yalikuwa kichekesho kichungu: ili upate fimwea ya waifai ulihitaji intaneti, na ili upate intaneti ulihitaji fimwea ya waifai. Wanachama wakapiga kura mwaka 2022, na toleo la 12, lililotoka Juni 2023, likaja na fimwea ndani. Nilikuwa miongoni mwa watu waliosema Debian wameuza msimamo wao. Siku hizi nasema hivyo kwa sauti ya chini zaidi.

Na kuna kisa cha antena, ambacho sichoki kukisimulia. Kadi ya Realtek iitwayo RTL8723BE ina sehemu mbili za kuchomeka antena. Ziko kompyuta zilizotoka kiwandani na waya mmoja tu wa antena, umechomekwa upande mmoja, wakati draiva ya Linux inasikiliza upande wa pili. Mwenye kompyuta anakaa juu ya ruta na bado anaiona kama ipo mtaa wa tatu. Kila kitu kingine ni kizima. Dawa yake ni mstari mmoja: unaunda faili ndani ya /etc/modprobe.d, unaandika "options rtl8723be ant_sel=2", na kama haikusaidia unaweka 1, kisha unawasha mashine upya. Watu wamebadilisha ruta na kuitukana Linux nzima kwa sababu ya tarakimu moja.

Kadi ya binti yangu haikuwa hiyo, na kampuni yake haina haja ya kutajwa. Draiva ilikuwepo, fimwea ilikuwepo. Nikaandika "iw dev wlp2s0 link". Hilo wlp2s0 ni jina ambalo Linux imeipa kadi. Zamani ingekuwa wlan0, na ukiandika "iw dev" peke yake utaliona la kwako. Jibu lilikuja na namba −61.

Namba hiyo ndiyo nguvu ya mawimbi yanayokufikia, kwa desibeli, na kwa sababu ni hasi inawachanganya watu. Iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. −40 ni kukaa pembeni ya ruta. −67 bado unatazama video bila shida. Ukifika −75 unaanza kubembeleza, na −85 ni sauti ya mtu anayekuita ng'ambo ya mto wenye mafuriko. Kila hatua ya 10 ni mara kumi, kwa hiyo −70 ina nguvu moja ya kumi ya −60, si pungufu kidogo. Nikaibeba kompyuta kutoka kwenye kochi hadi meza ya kulia chakula. −58. Umbali haukuwa mkosaji.

Hapo ndipo nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: unakata lini?

"Nikiwa mezani haukati, mama mdogo. Nikikaa kwenye kochi ndiyo unaanza."

Mezani kuna soketi. Kwenye kochi hakuna. Nikacheka peke yangu, kwa sababu nilidhani nimeshamaliza. Kadi ya waifai inaweza kubana matumizi ya umeme kwa kusinzia. Ruta hupiga mbiu takriban mara kumi kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 102.4, na ndani ya mbiu hiyo inataja wenye mizigo yao inayowasubiri. Kadi iliyosinzia huamka kusikiliza mbiu, ikitajwa inachukua mzigo wake, isipotajwa inalala tena. Ni kama mtu anayesinzia barazani akimsubiri muuza maziwa: mpango mzuri mradi muuza maziwa apite kwa wakati na msinziaji awe na masikio mepesi. Kadi na ruta zisipoelewana vizuri kuhusu kulala na kuamka, mizigo hukawia, na wakati mwingine mbiu zinapita bila kusikika.

"iw dev wlp2s0 get power_save" ikanijibu kwamba ubanaji umewashwa. Wenzake wa chuo walikuwa wamemwekea pia TLP, programu ya kutunza betri, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida huwasha ubanaji huo mashine ikiwa kwenye betri na kuuzima ikichomekwa kwenye umeme. Kochi na meza vikawa vimeeleweka. Nikauzima: "sudo iw dev wlp2s0 set power_save off". Papo hapo dirisha la ping likatulia. Tatu, tatu, nne, tatu.

Amri hiyo inasahaulika mashine ikizimwa, kwa hiyo nikaingia kwenye faili la /etc/tlp.conf nikaandika WIFI_PWR_ON_BAT=off. Kwa asiye na TLP, Ubuntu ina faili lake ndani ya /etc/NetworkManager/conf.d lenye mstari wa wifi.powersave = 3, na wengi wanakosea hapa: 3 maana yake washa, 2 maana yake zima. Aliyechagua namba hizo hakuwafikiria binadamu.

Usiku ule nilijisifu. Nilimpigia hata dada yangu nikamwambia mtoto wake ametengenezewa.

Siku ya tatu, saa nne usiku, sauti kutoka kwenye kochi: "Mama mdogo, umekata tena."

Nikaenda kwenye kumbukumbu za mashine, pale ambapo ningepaswa kuwa nimekwenda tangu siku ya kwanza. Hapa Kiswahili kina bahati. Mtu akizungumza kwenye simu na mazungumzo yakaisha ghafla, sisi tunauliza: umekata, umekatwa, au imekatika? Kerneli, yaani kiini cha Linux, inajibu swali hilohilo, ukiijulia. Andika "journalctl -k", utafute jina la kadi yako.

Ukiona mstari wenye "deauthenticating" na mwishoni "by local choice", hiyo ni nimekata. Kompyuta yenyewe ndiyo iliyoamua kuondoka: imezimwa, imelazwa, imehamia ruta nyingine yenye jina lilelile, au programu inayosimamia mtandao imebadilisha mawazo. Ukiona "deauthenticated", ing imegeuka ed, basi umekatwa. Ruta ndiyo iliyokufukuza, na inaacha namba ya sababu. Namba 4 ni kwamba ilidhani umelala usingizi wa kufa. Namba 15 mara nyingi ni neno la siri lililokosewa. Ruta ya bei nafuu iliyojaa wageni nayo hufukuza. Na ukiona "Connection to AP" ikifuatiwa na anwani na neno "lost", imekatika. Hakuna aliyeaga. Kadi iliita, ikaita, haikusikia jibu, ikakata tamaa.

Tofauti ya herufi tatu tu kati ya mstari wa kwanza na wa pili, na fundi asiyeiona anaweza kubadilisha kadi wakati mkosaji ni ruta.

Ya binti yangu ilikuwa imekatika. Mara sita ndani ya wiki, na nne kati ya hizo zilikuwa kabla sijagusa ubanaji wa umeme. Mashine iliandika 22:14, yeye anasema saa nne na robo; tukakubaliana ni tukio moja. Kwa hiyo kusinzia kwa kadi kulikuwa kunachelewesha, lakini si ndiko kulikokuwa kunakata. Nilikuwa nimeponya kikohozi cha mtu mwenye malaria.

Nikaanza kulaumu hewa. Si lawama ya bure. Waifai ya kawaida iko kwenye bendi ya gigahezi 2.4, ambayo Marekani iliiachia mwaka 1985 itumike bila leseni kwa sababu ilikuwa tayari imeharibiwa na mashine nyingine, maikrowevu ya jikoni ikiwa mojawapo. Tangu hapo kila asiye na pa kwenda amehamia humo: Bluetooth, kamera za watoto, kipanya kisicho na waya. Kwa upande wa waifai, bendi hiyo imegawanywa katika chaneli 13, zilizopishana kwa megahezi 5 tu, huku kila mawasiliano yakihitaji upana wa 20. Ndiyo maana chaneli zisizogusana ni tatu, 1, 6 na 11.

Amri ya "nmcli dev wifi" ilinionyesha ruta kumi na tisa zinazosikika kutoka sebuleni kwangu. Kumi zilikuwa chaneli 6. Mbili zilikuwa chaneli 4, na najua kabisa kilichotokea: jirani fulani mwerevu aliona chaneli 4 ni tupu akahamia. Ni kosa linaloonekana kama akili. Ruta zilizo kwenye chaneli moja zinasikiana, na kwa kuwa zinasikiana zinapeana zamu, kama watu wa baraza moja. Aliye chaneli 4 hasikii maneno ya walio 6, anasikia kelele tu, nao wanamsikia yeye kama kelele. Hakuna anayempa mwenzake zamu. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta yangu, nikaihamisha kutoka 6 kwenda 11. Hali ikawa nzuri kidogo. Kesho yake ikakatika.

Nilikuwa nimeanza kufikiria kununua kadi mpya wakati binti, aliyekuwa amechoka na madirisha yangu ya amri, aliposema bila hata kuinua macho:

"Mama mdogo, mbona kama inaanza nikichomeka hii?"

"Hii" ilikuwa diski ya nje. Mihadhara yote ya muhula, video za saa mbili mbili, alikuwa ameikusanya humo kwa sababu mashine yake haina nafasi. Mezani alikuwa anaandika, diski ikiwa ndani ya begi. Kwenye kochi alikuwa anatazama mihadhara, diski ikiwa imechomekwa kushoto, kwenye tundu lenye ulimi wa bluu.

Ulimi wa bluu ni alama ya USB 3.0. Inapeleka gigabiti 5 kwa sekunde, na kazi hiyo inatoa kelele za redio zinazoangukia hasa kwenye gigahezi 2.4 hadi 2.5. Intel walilieleza tatizo hili katika waraka wa mwaka 2012, na vipimo. Diski yenye waya usiokingwa vizuri, karibu na antena, inatosha kufunika sauti ya ruta. Na antena za kompyuta mpakato mara nyingi ziko kwenye fremu ya kioo, si mbali na matundu ya kuchomekea vitu.

Ndiyo maana −61 ilikuwa imenidanganya. Namba hiyo inapima nguvu ya anayesema, haipimi kelele za chumba. Niliandika "iw dev wlp2s0 station dump" diski ikiwa inasoma, nikaona nilichopaswa kukiona siku ya kwanza: hesabu ya "tx retries", yaani mara ambazo kadi imelazimika kurudia kusema, ilikuwa inapanda kama mita ya teksi, na kasi ya kutuma ilikuwa imeshuka kutoka megabiti 130 hadi 6.5. Nikachomoa diski. Ndani ya nusu dakika kasi ikarudi.

Lililoniuma zaidi lilikuwa kwenye kumbukumbu. Siku ile nilipoifungua nilikuwa nimechuja, nikaacha mistari ya wlp2s0 peke yake. Niliporudi kuisoma bila kuchuja, dakika moja au mbili juu ya kila "lost" palikuwa na mstari mwingine, umeandikwa na kerneli ileile, wenye neno SuperSpeed: kifaa kipya cha USB kimechomekwa. Mashine ilikuwa imeandika kila kitu kwa mpangilio na saa zake. Mimi ndiye niliyefunika nusu ya ukurasa.

Tukajaribu njia tatu, moja moja. Tundu la kulia, ambalo lilikuwa la USB 2.0: hakuna kukatika, lakini diski ikawa polepole. Waya mfupi wa kuongeza, diski ikakaa nusu mita kutoka kwenye mashine: marudio yalipungua sana. Kisha nikawasha bendi ya gigahezi 5 kwenye ruta, nikaipa jina tofauti, akaunganisha huko: diski imechomekwa kushoto, video inaenda, ping inarudi na tatu, tatu, tatu. Bendi hiyo ina ubovu wake, haipendi kuta za tofali na zege, na baadhi ya chaneli zake ruta inalazimika kuziachia ikisikia rada. Lakini sebule yangu haina ukuta katikati.

Halafu nikafanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi kwa sababu kitu kikishapona hakuna anayetaka kukigusa. Nikarudisha nilichokuwa nimekibadilisha. WIFI_PWR_ON_BAT ikawa on kama zamani, tukaiacha siku nne. Ping iliruka hadi mia mbili mara kwa mara, lakini haikukatika hata mara moja. Nikamweleza achague: waifai inayoitika haraka au betri inayodumu zaidi. Hosteli yao umeme unakatika. Akachagua betri.

Alipoondoka alikuwa amebandika kipande cha plasta juu ya tundu la bluu, ili asisahau kulikwepa akiwa kwenye waifai ya chuo, ambayo ni ya 2.4 peke yake.

Jioni ile dada akapiga simu kushukuru. Kabla ya kuaga akasema, "Halafu na mimi huku mtandao unasumbua tangu asubuhi."

"Upi, dada?"

"Huu wa kutumia hela."